Seli za Watoto Wetu na Majarida ya Ng'ambo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wa kidato cha nne tumelizungumza sana bwenini tangu tulipomaliza somo la seli, na ambalo nadhani lawahusu wazazi wetu kuliko linavyotuhusu sisi wenyewe. Nalo ni hili: mambo yaliyogunduliwa katika miili ya watoto wa Afrika Mashariki yameandikwa wapi, kwa lugha gani, na ni nani awezaye kuyasoma?

Kila mwanafunzi aliyepita darasa la biolojia amechora seli. Twaanza na ngozi ya kitunguu, twaiweka chini ya hadubini (ile moja iliyo nzima, ambayo huigombewa kama mpira wa kona), twaona vijumba vimepangwa kama matofali, twachora, twaandika majina kwa Kiingereza, basi. Ukimwuliza mwanafunzi seli zina habari gani kwa mtu wa Ugweno, atakujibu kwamba hilo halimo katika mtihani. Haidhuru, na liwe halimo. Mimi nataka kusimulia habari ya seli ambazo hazikutoka katika kitunguu.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu baadaye alimwona mwingine wa namna ile ile katika hospitali ya Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, akakuta ya kuwa watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila kila mmoja aliandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine. Mwaka 1958 akatoa makala katika jarida la Uingereza liitwalo British Journal of Surgery. Haikushtua watu. Basi mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari wakasafiri maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hata Afrika Kusini, wakipitia Tanganyika, na kila hospitali waliyoifikia waliwaonyesha wenyeji picha na kuwauliza: Je, mmewaona watoto kama hawa?

Majibu yaliandikwa katika ramani, na ramani ikasema jambo la ajabu. Ugonjwa ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na ulikuwa haba milimani. Katika nchi zetu hizi, ukipanda juu ya mita 1500 hivi, huuoni ila kwa nadra.

Ndugu msomaji wa Ugweno, hapo huhitaji mwalimu. Watoto wa huku juu, penye migomba na ukungu wa Kindoroko, hawaumwi malaria kama watoto wa chini kando ya Ziwa Jipe. Wazee wanaokumbuka mpango wa malaria wa Pare na Taveta wa mwaka 1954 hata 1959 watakuambia jinsi wapulizaji walivyoingia nyumba hata nyumba kule tambarare na dawa ya dieldrini, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kumbe ramani ya Burkitt na ramani ya mbu zafanana. Hili nalitaja si kwa kutujulisha kuwa tu salama. Nani asiye na shamba au ndugu huko chini siku hizi?

Sasa tufike kwenye seli. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Wakapatana. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vinapelekwa London kwa ndege. Mwezi wa Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kifurushi kilipofika kwa Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka kama togwa. Mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Yeye alitia tone chini ya hadubini akaona seli, moja moja, zimeachana kwa kutikiswa njiani, nazo zi hai. Kwa njia hiyo seli zile zikakubali kuoteshwa katika chupa, jambo ambalo lilikuwa limewashinda kwa muda mrefu. Mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland walitangaza katika The Lancet kwamba ndani ya seli hizo mna kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kupata kujulikana kuwa chaandamana na saratani ya binadamu, na leo chaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Wa tatu jina lake halimo; hata wataalamu wana mambo yao.

Yasemekana na kupimwa kwamba karibu sisi sote tumekipata kirusi hicho tukiwa wadogo, na wengi sana hakiwadhuru. Kwa nini basi humdhuru mtoto wa tambarare? Jibu limekuja polepole, kwa miaka zaidi ya hamsini, na sehemu kubwa yake limetoka juzi juzi. Mwilini tuna seli nyeupe zenye kazi ya kutengeneza silaha za kupigana na vijidudu. Ili kutengeneza silaha inayofaa, seli hizi hukata jeni zao wenyewe na kuziunga upya, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho AID. Ni kazi ya hatari, kama ya fundi cherehani anayekata kitambaa bila kupima. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara huwafanyisha mafundi hawa kazi usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi, na siku moja mkasi hupita pasipo pake: kipande cha kromosomu ya 8 chashonwa kwenye kromosomu ya 14. Katika kipande hicho mna jeni iitwayo MYC, ambayo huiamuru seli igawanyike, na pale iliposhonwa haipati tena mtu wa kuinyamazisha. Seli iliyoharibika hivyo ingepaswa kufa, lakini kirusi husaidia kuizuia isife. Mwaka 2015 majaribio ya panya yaliyotangazwa katika jarida la Cell yalionyesha ya kuwa malaria ya muda mrefu huleta uharibifu wa namna hiyo kwa njia ya kimeng'enya hicho. Na uchunguzi uliofanyika Uganda, Tanzania na Kenya kuanzia 2010 hata 2016, uliosimamiwa na mtaalamu Mganda, Sam Mbulaiteye, ulitoa ushahidi kwa njia nyingine. Mwaka 2017 kundi lake lilitangaza habari za watoto wa kaskazini ya Uganda wenye jeni moja ya selimundu, ambao tangu makala za Anthony Allison za mwaka 1954 twajua ya kuwa malaria haiwashiki sana. Ilionekana kwamba na uvimbe huu pia hauwapati kama wengine.

Naona fahari kuandika haya kwa Kiswahili, na yameandikika.

Lakini iko habari nyingine ambayo ilitunyamazisha bwenini. Mwaka 1967 kijana wa Kenya, wa miaka 16, alikuwa na uvimbe huo katika tundu la jicho la kushoto. Kipande kilichukuliwa, kikapelekwa Sweden kwa Eva na George Klein, seli zikaoteshwa, na habari zake zikatangazwa mwaka 1968. Seli hizo hazikufa mpaka leo. Zinagawanyika katika maabara za Ulaya, Marekani, Japani na kwingineko, na mtu akizitaka huziagiza kwa barua na malipo, kama mbegu za kabichi. Zinaitwa Daudi. Zina upungufu wa protini moja ndogo, na upungufu huo umewafundisha wataalamu jinsi seli zinavyojitambulisha kwa walinzi wa mwili. Dawa nyingi za saratani ya damu hujaribiwa kwanza juu yake. Ukoo mwingine wa seli unaitwa Namalwa, jina ambalo Mganda yeyote akilisikia hageuki kuuliza ni la wapi. Kampuni ya Wellcome ya Uingereza iliziotesha katika mapipa makubwa ya kiwandani ili kupata dawa ya interferoni. Na kule Nigeria uko ukoo uitwao Raji, wa mwaka 1963.

Katika orodha za maabara, Daudi ni umri, ugonjwa na mwaka, basi. Ni mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Kule Marekani jamaa wa Henrietta Lacks, mama ambaye seli zake zilichukuliwa mwaka 1951, walifahamu habari hizo baada ya miaka ishirini na zaidi, wakadai, wakaandikiwa kitabu, na mwaka 2023 wakapatana na kampuni iliyokuwa ikiziuza. Mimi sisemi watoto wetu wa Kampala na Nairobi walidhulumiwa na Burkitt, la. Daktari yule alitaka wapone, na dawa alizowajaribia zilianza kuwaponya wengi. Nasema tu ya kwamba jina Daudi linajulikana na kila mwanafunzi wa maabara huko Stockholm na Boston, na katika darasa letu hapakuwa na hata mmoja aliyepata kulisikia.

Kwa nini hatukulisikia? Kwa sababu njia yake ya kusafiri ni majarida, na majarida yana milango. Mtaalamu akimaliza uchunguzi huandika makala, wahakiki huisoma na kuikosoa, kisha huchapwa. Utaratibu huo ni mzuri, ingawa nao una mianya: mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walitangaza kwamba wamekagua makala 20,621 zenye picha za maabara, wakakuta picha zenye kasoro ya kurudiwa katika karibu nne kwa kila mia. Lakini tatizo langu mimi ni la mlangoni. Majarida mengi hufunga makala mpaka msomaji alipe. Mengine hufungua kwa kila mtu, ila hapo anayelipa ni mwandishi, na jarida la Nature lilipoanza mpango huo mwaka 2021 lilitaka euro 9,500 kwa makala moja. Daktari wa hospitali ya wilaya atazitoa wapi? Mwalimu wetu alipojaribu kutufungulia makala moja ya zamani katika kompyuta ya ofisini, jarida lile (silitaji jina) liliomba bei inayozidi debe zima la maharage, kwa karatasi mbili tatu zilizoandikwa kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Tukafunga, tukarudi darasani. Ni kweli uko mpango wa Hinari, ulioanza mwaka 2002, ambao huzifungulia taasisi za nchi kama zetu, na ni msaada mkubwa. Lakini huo ni wa vyuo na hospitali. Shule ya sekondari mlimani haimo.

Ugweno zamani ulijulikana kwa wahunzi wa ukoo wa Washana. Wachaga walikuja hata huku kununua chuma. Siri ya kiwanda haikutoka nje ya ukoo. Mvukuto haukuguswa na mgeni. Lakini jembe lilitoka! Mtu asiyejua hata moto ule unawashwaje alilima kwa jembe la Mshana. Wataalamu wa seli nao, kama wataka kusemezana kwa lugha yao, na waseme. Jembe liko wapi?

Labda mzazi anayesoma hapa ataona ni maneno ya watoto wa shule wanaopenda kubishana. Basi nitaje lile linalonifanya niandike. Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote zijulikanazo kwa binadamu. Waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno ya mtoto kulegea na taya kuvimba. Kwa wengine ni tumbo. Nao ni ugonjwa unaosikia dawa: watoto wengi waliofika mapema hospitalini wamepona kabisa. Sasa mfikirie mama wa tambarare, mtoto wake wa miaka sita ameanza kulegea meno. Umri huo meno hulegea kwa kila mtoto. Atangoja. Taya likivimba atasema ni jino, atamkanda kwa maji ya chumvi. Wiki ya pili jirani atamwambia amerogwa, watakwenda kwa mganga. Siku watakapopanda basi kwenda Moshi ni wiki ya tano. Wiki tano kwa uvimbe unaojiongeza maradufu kwa siku mbili! Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuipiga hesabu hiyo, na naomba aipige. Yote anayohitaji mama yule yamechapwa tangu mwaka 1958. Yamechapwa tu.

Tena kuna suala la damu. Watafiti huja vijijini, hutoboa watoto vidole, huandika, huondoka. Wazee wetu walikuwa na neno mumiani, na vijana hulicheka. Mimi silicheki sana. Mtu akichukua damu ya mtoto wako, kisha miaka kumi isije hata karatasi moja kukueleza amekuta nini, utasema amekwenda kuifanyia nini? Watu wa milima hii hawakatai jambo kwa ukaidi tu. Maelfu waliokusanyika Same mwaka 1945 juu ya kodi ya mbiru walitaka kwanza waelezwe wakaeleweka. Mkoani Mara, kuanzia 1977 hata 1982, watoto wa tambarare walipewa klorokwini ili ijulikane kama kuzuia malaria kutazuia uvimbe huu. Ugonjwa ulipungua, lakini watafiti waliandika kwa uaminifu, katika makala yao ya mwaka 1989, ya kwamba kupungua kulikuwa kumeanza kabla dawa haijagawiwa, kwa hiyo jaribio halikukata shauri. Uaminifu huo naupenda mno. Ningependa zaidi kama mtoto wa Mara aliyemeza dawa zile chungu angeweza kuusoma.

Wako wenzangu wanaosema Kiswahili hakina maneno. Hoja hii imechoka. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1990. Imo maktabani, jalada limetoka, na vumbi lake lashuhudia kwamba hatuifungui. Rafiki yangu mmoja husema zaidi: Sisi ni nani hata tuandike mambo ya wataalamu? Nami humjibu kwa Erasto Mpemba. Hakuwa mbali na sisi; alikuwa kidato cha tatu katika Magamba, milima ya Usambara, mwaka 1963, alipoona maziwa ya moto yakiganda upesi kuliko yaliyopozwa. Walimu na wanafunzi walimcheka. Akiwa Mkwawa, Iringa, akamwuliza Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye badala ya kucheka akapima. Mwaka 1969 wakatoa makala pamoja katika jarida la Physics Education, na mpaka leo mabingwa wa dunia wanabishana juu ya maziwa yale. Wengine hudai si kweli. Na wadai, ndiyo kazi yao. Jarida lile lilikuwa na mlango uliofunguka kwa mwanafunzi.

Kwa hiyo natoa maombi mawili. La kwanza ni kwa watafiti: kila uchunguzi unaochukua damu au nyama ya mtu wa nchi hii uache ukurasa mmoja wa Kiswahili katika zahanati na shule ya mahali ulipofanyika, useme ulitafuta nini, ulikuta nini, na ulishindwa wapi. Ukurasa mmoja si mzigo kwa mtu aliyeweza kuandika kurasa ishirini za Kiingereza kigumu.

La pili ni kwako, Bwana Mhariri. Utupe kila muhula ukurasa katika gazeti hili. Sisi wa kidato cha nne na cha tatu tutachagua makala moja iliyo wazi kwa wote, iliyofanywa katika nchi zetu, tutaieleza kwa Kiswahili, na mwalimu wa biolojia atasahihisha kabla haijachapwa. Atakuwa ndiye mhakiki wetu, na tunaonywa ya kuwa ni mkali. Ya kwanza iko tayari, nayo ni ile ya mwaka 2017 ya Mbulaiteye na wenzake juu ya selimundu na uvimbe wa Burkitt. Tumebishana siku mbili juu ya neno moja tu, kama tuseme "kinga" au "nafuu", kwa maana mzazi akisoma kinga atadhani mwanawe haugui kamwe. Tumeandika "nafuu". Nakala nyingine tumeomba ibandikwe katika zahanati, kando ya karatasi ya chanjo, mahali ambapo kina mama hukaa wakingoja.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne